Kisukari, Usingizi na Moyo: Maswali Ninayoulizwa Kliniki

Mgonjwa akiketi mbele yangu hunipa kijitabu chake cha sukari, nami kwa miaka mingi nilimuuliza swali moja: jana ulikula nini? Siku hizi naanza na usiku. Ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, na anayelala chumba kimoja nawe anasemaje? Nimebadilika kwa sababu nimeona watu wakiongezwa vidonge mara mbili, mara tatu, na chapati zao zikilaumiwa, kumbe kilichopandisha sukari kilikuwa kinatokea wakiwa wamefumba macho.

Maswali yafuatayo yanatoka kwa watu wazima wenye kisukari wanaokuja kliniki kutoka Kayole, Githurai, Kibra, Rongai, South C na mitaa mingine ya Nairobi. Mengi yanahusu kisukari cha aina ya 2. Sukari nimeiandika kwa vipimo tunavyotumia Kenya, yaani milimoli: 4, 7, 10. Kama mashine yako inaonyesha namba kama 126 au 180, igawe kwa 18 upate zetu.

Sikula chochote tangu saa moja jioni. Mbona sukari ya asubuhi imepita ya jana usiku?

Hili ndilo swali linaloongoza, na anayeliuliza mara nyingi anajitetea, kwa kuwa kuna mtu nyumbani anayeshuku kwamba alifungua kabati usiku. Hakufungua. Ini lake ndilo lililofungua.

Ini huhifadhi sukari na kuimwaga kwenye damu kidogo kidogo tunapolala ili ubongo usikose chakula. Kuanzia kama saa tisa usiku hadi saa mbili asubuhi mwili hujiandaa kuamka. Homoni ya kotisoli na ile ya ukuaji hupanda, na ini huongeza kasi ya kumwaga. Asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha kulituliza. Mwenye kisukari ama hana insulini ya kutosha, ama anayo lakini mwili hauisikii. Hivyo mtu hulala na 7 akaamka na 10 bila kutia hata punje mdomoni.

Lakini si kila asubuhi mbaya ni ya ini. Wengi wetu tunafika nyumbani saa tatu usiku, tunasonga ugali, tunakula saa nne na kulala nusu saa baadaye. Sukari ya ugali huo bado inapanda wewe ukiwa kitandani. Wengine dawa yao ya jioni huisha nguvu kabla ya kukucha.

Njia ya kujua ni kupima mara tatu kwa usiku mmoja: kabla ya kulala, saa tisa usiku, na ukiamka. Najua stripu, vile vijikaratasi vya mashine ya kupimia, ni ghali. Fanya hivyo usiku mbili tu katika wiki moja. Ni stripu sita, na zitatuambia mengi kuliko stripu thelathini za asubuhi peke yake. Ukilala na 12 ukaamka na 12, tuangalie chakula na dawa ya jioni. Ukilala na 7, saa tisa ukawa bado 7, kisha asubuhi 10, hilo ni ini. Ukijikuta chini ya 4 saa tisa usiku, nywa sukari, usiongeze dawa yoyote ya jioni, na uje kliniki.

Wapo waliofundishwa kwamba sukari ya juu asubuhi ni mwili unaolipiza baada ya sukari kushuka usiku. Wazo hilo ni la zamani, la mwanakemia Michael Somogyi, na hata mimi nilifundishwa hivyo. Vipimo vya usiku kucha vilivyokuja baadaye havikuliunga mkono sana: aliyeshuka usiku mara nyingi huamka akiwa chini pia. Hata hivyo faida ya kupima saa tisa usiku imebaki palepale, maana kumwongezea insulini mtu anayeshuka usiku ni kumhatarisha.

Si chakula ndicho huleta sukari? Usingizi unaingiaje hapo?

Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua wanaume 11, vijana wenye afya, wakawaruhusu kukaa kitandani saa 4 tu kwa usiku 6 mfululizo. Hawakuwa na kisukari. Baada ya siku hizo chache miili yao ilichelewa sana kuondoa sukari kwenye damu, ukilinganisha na siku walizolala za kutosha. Vijana wazima, siku sita. Sasa fikiria mtu wa miaka 52 mwenye kisukari ambaye amelala hivyo tangu alipohamia Kitengela.

Mwili uliokosa usingizi hujiona uko hatarini. Kotisoli hubaki juu jioni wakati ambapo ingepaswa kushuka, neva za tahadhari hukaa macho, misuli hukataa kusikia insulini. Juu ya hayo, homoni inayoleta njaa hupanda na ile ya shibe hushuka. Ndiyo maana baada ya usiku mbaya mtu hatamani sukuma wiki. Anatamani mandazi mawili na chai iliyokolea sukari pale stejini. Tusiite huo ulafi. Mtu huyo anadaiwa usingizi na mwili unajaribu kulipa kwa wanga.

Basi nilale muda gani?

Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Mwaka 2022 Shirika la Moyo la Marekani liliingiza usingizi katika orodha yake ya mambo manane yanayolinda moyo, sawa na kuacha sigara, kudhibiti presha na mengineyo. Wanaolala chini ya saa 6 na wanaozidisha saa 9 mara kwa mara, wote huonekana kuwa na matatizo zaidi ya sukari na moyo, ingawa kulala sana mara nyingi ni dalili ya ugonjwa mwingine kuliko kuwa chanzo.

Nairobi hesabu hii inauma. Anayetoka Rongai au Githurai kabla ya msongamano wa magari anaamka saa kumi alfajiri. Kupata saa 7 lazima awe amelala saa tatu usiku, na taarifa ya habari ya televisheni ndiyo kwanza inaanza. Simwambii mtu aache kazi. Namwambia achague kitu kimoja cha jioni akitoe: ama habari, ama simu, ama kupiga pasi usiku. Pia alale na kuamka saa zilezile hata Jumapili, kwani mwili unaoyumbishwa kila wiki hauizoei saa yoyote.

Mzee wangu anakoroma mpaka majirani wanalalamika, halafu ananyamaza ghafla kama amekata roho, kisha anavuta pumzi kwa kishindo. Ni uchovu?

La, mama. Uliyoeleza ni ugonjwa, unaitwa apnia ya usingizi, na ni miongoni mwa mambo yanayopuuzwa sana kwa wenye kisukari cha aina ya 2, hasa wenye uzito mkubwa.

Koo hulegea usingizini, njia ya hewa ikajifunga, na pumzi ikakatika kwa sekunde 10 au zaidi. Oksijeni hushuka. Ubongo hushtuka, humwaga adrenalini, mtu anaamka nusu, anavuta hewa, anarudi kulala, na asubuhi hakumbuki chochote. Kwa aliyezidiwa hilo hutokea mara 30 au zaidi kwa saa. Kila mara adrenalini inaposukumwa, presha hupanda na ini humwaga sukari. Mtu huyo amelala kitandani lakini moyo wake umeshinda ukikimbia.

Dalili za mchana ni hizi: kichwa kinachouma asubuhi, mdomo mkavu, hasira za karibu, na kusinzia. Nazungumzia kusinzia kwa kweli, mtu anapanda matatu Ngara na kabla ya kufika Roysambu ameshapotea. Kama yeye ndiye dereva, tafadhali mlete wiki hii. Wanawake wengi hawakoromi kwa kishindo. Wao husema hawapati usingizi, wamechoka, wana mawazo, na hivyo ugonjwa wao huchelewa kuonekana.

Madaktari hutumia maswali manane yaliyotungwa Toronto: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonekana ukikatika pumzi, presha, uzito, umri uliopita 50, shingo iliyozidi sentimita 40 kwa mzunguko, na kuwa mwanamume. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima shingo. Ukiwa na matatu au zaidi, daktari aelezwe. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kulala na vifaa mwilini usiku mmoja, hospitalini au nyumbani.

Tiba kuu ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ya puani, iliyobuniwa na Colin Sullivan huko Sydney, ikatangazwa mwaka 1981. Watu wengi wanaoivaa huamka wakiwa watu wapya, na presha hushuka kiasi. Lakini nitakuwa mkweli: haijathibitishwa kwamba inazuia mshtuko wa moyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, SAVE, haukuona tofauti hiyo, ingawa washiriki waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku. Kwa sukari pia matokeo yanatofautiana. Kwa hiyo mashine haichukui nafasi ya dawa za presha, sukari na mafuta.

Kupunguza uzito kunasaidia sana, na mwezi Desemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa ya sindano ya tirzepatide kwa watu wanene wenye apnia kali au ya wastani. Bei yake si ya kila mtu. Wakati unatafuta njia, mzee alale kwa ubavu badala ya chali, na aache pombe jioni kwani hulegeza koo zaidi.

Usiku moyo si unapumzika? Hatari yake iko wapi?

Unapaswa kupumzika. Kwa mtu mwenye afya presha hushuka usiku kwa asilimia 10 hadi 20. Kwa wengi wenye kisukari haishuki, kwa sababu ya apnia, figo zilizochoka, neva zilizoharibiwa na sukari, au usingizi wa vipande vipande. Mishipa yao inapigwa mchana na usiku bila likizo. Mtu wa aina hiyo anaweza kupimwa kliniki saa nne asubuhi akaambiwa presha yake ni nzuri. Ndiyo maana daktari anaweza kukuomba uvae kifaa cha kupima presha kwa saa 24.

Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na wengi hawakuwa na habari. Ukiongeza kisukari juu yake, moyo unabeba mizigo miwili. Wanaokufa kwa kisukari wengi huuawa na moyo na mishipa, si na sukari yenyewe. Mshtuko wa moyo kwa kawaida huwapata watu zaidi asubuhi, kuanzia kuamka hadi adhuhuri, lakini kwa wenye apnia vifo vya ghafla vya moyo huonekana zaidi kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Naamka kwenda haja ndogo mara nne, tano. Nipunguze maji?

Usianze na maji. Damu ikizidi sukari 10 hivi, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka na mkojo ikivuta maji. Unakojoa, unapata kiu, unakunywa, unakojoa tena. Kupunguza maji hapo kutakukausha tu. Shusha sukari ya usiku na safari zitapungua.

Kama sukari iko sawa na bado unaamka, kuna sababu nyingine: tezi dume kwa wanaume, maambukizi ya njia ya mkojo, apnia (ndiyo, nayo huongeza mkojo), moyo dhaifu, au dawa ya kupunguza maji mwilini inayomezwa jioni badala ya asubuhi. Hii ya mwisho nimeikuta mara nyingi mno. Mtu alielezwa ameze mara moja kwa siku, hakuelezwa saa.

Wakati mwingine naamka nimelowa jasho, moyo unadunda, na nimeota ndoto mbaya.

Pima hapohapo. Ikiwa chini ya 4, sukari imeshuka. Kunywa gramu 15 za sukari: vijiko vya chai vitatu vya sukari iliyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiyo ya wagonjwa wa kisukari. Ngoja dakika 15, pima tena. Ikiwa bado chini, rudia. Ikipanda, kula kitu kidogo kama kipande cha mkate au nusu kikombe cha githeri kabla ya kurudi kitandani. Huna stripu? Kunywa sukari kwanza, maswali baadaye.

Wanaoathirika zaidi ni wanaotumia insulini na vidonge vya jamii ya glibenclamide, ambavyo hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Metformin peke yake ni nadra kufanya hivyo. Jihadhari baada ya kazi ngumu ya mwili, baada ya kuruka chakula cha jioni, na baada ya pombe: ini likishughulika na pombe huacha kumwaga sukari, na kushuka kunaweza kuja saa nyingi baadaye, wewe ukiwa usingizini na wenzako wakidhani umelewa tu.

Jambo jingine: baadhi ya dawa za moyo na presha, kama atenolol na propranolol, huficha kutetemeka na mapigo ya moyo wakati sukari inashuka. Jasho halifichwi. Ukiwa unazitumia, jasho la usiku ndilo kengele yako.

Weka sukari kando ya kitanda, si jikoni. Na umfundishe anayelala nawe kwamba mtu aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu. Anageuzwa ubavu na kukimbizwa hospitali.

Mimi ni soja, nalinda geti usiku. Nitalala vipi?

Nakuheshimu kwa swali hili, maana ushauri mwingi umeandikiwa wanaolala usiku.

Saa ya mwili inafuata mwanga. Usiku uwezo wa kushughulikia sukari hupungua hata kwa mtu mwenye afya, kwa hiyo sahani ileile ya ugali ikiliwa saa nane usiku hupandisha sukari kuliko ikiliwa mchana. Kula chakula chako kikubwa kabla ya kuripoti kazini. Usiku beba kitu chepesi: yai la kuchemsha, ndengu kidogo, karanga. Chai iwe bila sukari, na ya mwisho iwe kabla ya saa nane usiku, kwa kuwa nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baadaye.

Asubuhi nenda nyumbani moja kwa moja. Nyumba ya mabati inapata joto kuanzia saa nne, kwa hiyo saa za mwanzo ni dhahabu. Tundika blanketi zito dirishani, zima simu, waambie watoto. Anayepangiwa usiku wiki hii na mchana wiki ijayo anaumia zaidi. Ukiweza kumwomba msimamizi zamu zikae angalau mwezi, omba, nasi tutakuandikia barua.

Anayechoma insulini asihamishe saa mwenyewe. Njoo na ratiba yako ya kazi tuipange pamoja.

Ramadhani nalala vipande vipande: futari, tarawehe, daku. Nifunge?

Muone daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuanza. Wenye aina ya 1, wenye figo mbovu, wajawazito na walioshuka sukari vibaya hivi karibuni kwa kawaida hushauriwa wasifunge, na dini imewapa ruhusa. Ukifunga, pima mchana. Kupima hakuvunji saumu. Fungua mara moja ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6. Daku usiliache na ulicheleweshe kadiri inavyoruhusiwa. Usingizi uliopotea urudishe kwa kulala adhuhuri, kabla au baada ya sala, hata kama ni nusu saa. Na kaimati na tambi za sukari za kila futari, wapendwa wangu wa Eastleigh na South C, ndizo zinazoharibu mwezi wa wengi kuliko kufunga kwenyewe.

Miguu inawaka moto usiku, shuka likigusa naumia. Mchana sijali.

Ni neva zilizoharibiwa na sukari. Usiku hakuna shughuli ya kukusahaulisha, ndiyo maana yanazidi. Kuna dawa za maumivu haya, kama amitriptyline kwa kipimo kidogo usiku, ambayo pia huleta usingizi ila haiwafai baadhi ya wenye matatizo ya moyo, kwa hiyo usiazime ya jirani.

Na Julai ikifika na baridi yake, nakusihi usiweke miguu karibu na jiko wala juu ya chupa ya maji ya moto. Mguu uliokufa ganzi hausikii ukiungua. Nimefunga vidonda vilivyoanza hivyo. Vaa soksi. Jiko la makaa lisilale ndani kabisa, kwa kuwa hewa yake huua bila harufu.

Naweza kununua dawa ya usingizi kwenye duka la dawa?

Usinunue. Vidonge vya kutuliza kama diazepam vinaweza kuzidisha kukatika kwa pumzi, na mtu mzee huanguka akienda choo. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi humwacha mtu na kizunguzungu asubuhi. Pombe hukulaza haraka na kukuamsha saa nane. Miraa na muguka hufukuza usingizi, hukata hamu ya chakula cha jioni na kupandisha presha, kisha soda zinazonywewa pamoja nazo zinamalizia sukari.

Dawa zangu nyingine zinaweza kuninyima usingizi?

Zinaweza. Enalapril, dawa ya presha, huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, kinachochosha zaidi usiku. Daktari anaweza kukuhamishia losartan. Dawa za kupunguza maji zimezwe asubuhi. Za mafuta, simvastatin humezwa usiku, lakini atorvastatin waweza kumeza saa yoyote. Dawa za pumu na uvimbe zenye jamii ya prednisolone hupandisha sukari na kufukuza usingizi kwa pamoja. Usiache dawa yoyote bila kuuliza.

Ninakoishi kuna kesha la maombi upande huu na baa upande ule.

Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, na NEMA, mamlaka ya mazingira, pamoja na serikali ya kaunti hupokea malalamiko. Wakazi wakiandika pamoja husikika kuliko mmoja. Huku ukisubiri, pamba masikioni, kitanda mbali na ukuta wa upande wa kelele, na feni kama unayo, kwa kuwa mvumo wa sauti moja hufunika nyingine.

Sina kelele wala maumivu. Nina mawazo tu. Karo, kodi, ugonjwa wenyewe.

Kisukari na huzuni nzito hutembea pamoja, na kila mmoja humzidisha mwenzake. Ukiamka saa tisa kila usiku na huwezi kurudi kulala, ukakosa hamu ya yale uliyoyapenda kwa zaidi ya wiki mbili, tuambie kama unavyotuambia sukari. Kuna ushauri nasaha, na kwa kukosa usingizi kwa muda mrefu kuna tiba ya mazungumzo inayofundisha ubongo kulala upya, ambayo hutangulizwa kabla ya vidonge. Kumbuka pia kwamba ukikaa kitandani ukipiga hesabu, kitanda kinageuka ofisi. Inuka, keti gizani sebuleni, rudi usingizi ukija.

Siku hizi silali bila mito mitatu. Nikilala chali nakosa hewa.

Usingoje siku ya kliniki. Kukosa hewa ukilala, kuamka ghafla ukitafuta dirisha, vifundo vya miguu kuvimba, uzito kupanda kilo mbili au tatu ndani ya siku chache: hizo ni dalili za moyo unaoshindwa kusukuma damu. Nenda hospitali leo.

Mshtuko wa moyo nitaujua? Kifua kitauma?

Huenda kisiume. Neva zilizoharibiwa na kisukari huweza kunyamazisha maumivu, na mtu akaona tu pumzi fupi, jasho baridi, kichefuchefu, uchovu wa ghafla usioeleweka, au uzito kwenye taya na mkono. Wengi huita gesi, wakanywa maziwa, wakasubiri asubuhi. Pima sukari, ikiwa haikushuka na hali haibadiliki, piga 999 au 112, au chukua gari lolote lililo karibu. Usijiendeshe mwenyewe.

Vipimo hivi SHA inalipa?

SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kituo cha afya cha mtaani kinaweza kupima presha na sukari na kukuandikia rufaa. Kabla ya kipimo cha usingizi uliza hospitali husika, kwa maandishi ikiwezekana, kile utakacholipa mfukoni.

Mimi ndiye nakaa macho nikisikiliza pumzi za mume wangu. Zikikatika, nimwamshe?

Msukume ageuke ubavu. Mara nyingi hiyo inatosha na pumzi hurudi. Mshonee mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, utie mpira wa tenisi ndani, asiweze kurudi chali. Usiku mmoja mrekodi kwa simu dakika kumi, sauti pekee yatosha, umletee daktari, kwa sababu yeye mwenyewe atakana kwamba anakoroma. Asipopumua kabisa hata ukimsukuma na kumwita, ita majirani, piga 999 na uanze kumkandamiza kifua katikati, kwa nguvu na haraka, mpaka msaada ufike. Na wewe, mama, unalala saa ngapi? Njoo nawe tukupime presha.